Asiyeonekana kwenye rejesta ya vifo hajathibitika kuwa hai

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Nasomea uzamivu katika afya ya jamii. Nina orodha ya wagonjwa 5,000 wa shinikizo la damu kutoka kliniki kadhaa, na rejesta ya vifo ya eneo hilohilo yenye vifo 40,000 vya miaka kumi. Hakuna namba ya utambulisho iliyomo katika orodha zote mbili, wala hakuna sajili kuu ya watu ya kurejea. Niliiagiza kompyuta itafute wanaofanana kabisa kwa majina, jinsi na tarehe ya kuzaliwa, ikanipa 212. Je, niseme hao ndio waliofariki na hao 4,788 waliobaki wako hai? Msimamizi wangu anasema pasipo sajili kuu kazi hii ni kutwanga maji kwenye kinu."

Marahaba. Nianze na hao 4,788, maana huko ndiko utafiti wako utakakoharibikia usipoangalia.

Mgonjwa asiyeonekana kwenye rejesta ya vifo anaweza kuwa hai kweli. Anaweza pia kuwa amefariki na kifo chake kimo, ila jina limeandikwa kwa namna nyingine. Anaweza kuwa amefariki na hakuna aliyekwenda kukiandikisha kifo. Au alihama miaka mingi iliyopita na yaliyomkuta huko yameandikwa kwenye rejesta ambayo wewe huna. Kwa kompyuta wote wanne ni kitu kimoja: hawakupata jozi. Ukiwaandika wote "hai", umewapa marehemu miaka ya kuishi ambayo hawakuiishi, na kiwango chako cha vifo kitashuka bila mtu kustuka, kwa sababu matokeo mazuri hayachunguzwi sana. Penye sajili kuu, swali la nani yuko hai, nani kahama, linajibiwa na sajili. Kwako litajibiwa na makadirio, na makadirio hayo ndiyo kiini cha kazi yako. Kuunganisha kumbukumbu bila sajili kuu ni kazi ya kumjua uliyemkosa.

Msimamizi wako ana haki ya kuhofu, lakini hitimisho lake silikubali. Ni kweli nchi za kaskazini mwa Ulaya zimerahisishiwa mno: Sweden iliwapa wakazi wake namba binafsi mwaka 1947, Denmark ikafuata mwaka 1968, na mtafiti wa huko anaunganisha hospitali, dawa na vifo kwa safu moja ya tarakimu. Ila elimu yenyewe ya kuunganisha ilikuzwa na watu wasiokuwa na namba hiyo. Mwaka 1946 Halbert Dunn, aliyesimamia takwimu za vizazi na vifo Marekani, aliandika kwamba kila mtu ana kitabu cha maisha kinachoanza na kuzaliwa na kuishia na kufa, na kuunganisha kumbukumbu ni kuzijalidi kurasa zake. Mwaka 1959 Howard Newcombe na wenzake, Kanada, walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuunganisha kumbukumbu za ndoa na za vizazi kwa kutumia majina na taarifa nyingine zenye makosa. Miaka kumi baadaye, 1969, Ivan Fellegi na Alan Sunter wakaipa kazi hiyo nadharia ya hisabati ambayo mpaka leo programu nyingi za kuunganisha zinaitumia. Uswisi iliunganisha sensa za 1990 na 2000 na vifo bila hata majina, kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsi, hali ya ndoa, mahali pa kuishi na sifa nyingine za namna hiyo. Brazil, katika kituo cha CIDACS kilichopo Salvador, wamejenga kundi la utafiti la zaidi ya watu milioni mia moja, kutoka orodha ya familia zinazoomba misaada ya serikali, wakiliunganisha na vizazi na vifo kwa jina, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, jinsi na manispaa. Jina la mama, nakuomba ulitie akilini. Mtu hubadili jina lake, jina la mama yake halibadilishi. Kama kliniki zako ziliwahi kuliandika, una hazina.

Sasa hao 212. Wengi wao huenda ni sahihi, lakini kanuni ya kufanana kabisa inamwadhibu mtu kwa kosa la karani. Chukua jozi hii moja tuitazame kwa karibu. Kliniki imeandika: Rehema Yohana Mathayo, mwanamke, 14 Machi 1958. Rejesta ya vifo imeandika: Rehema Mathayo, mwanamke, 14 Machi 1956. Kompyuta yako imeitupa. Wewe mwenyewe ukiitazama unasita. Hesabu ya Fellegi na Sunter ni namna ya kukupimia huko kusita kwako.

Kwa kila sifa unauliza maswali mawili. Kama kumbukumbu hizi ni za mtu mmoja, kuna uwezekano gani sifa hii ilingane? Na kama ni za watu wawili tofauti, kuna uwezekano gani ilingane kwa bahati tu? Gawanya la kwanza kwa la pili, chukua logi ya kizio cha 2, huo ndio uzito wa sifa hiyo. Mwezi wa kuzaliwa: tuseme kumbukumbu za mtu mmoja hulingana mara 95 kati ya 100, na za watu wawili hulingana kwa bahati mara moja kati ya 12. Uzito ni kama 3.5. Siku ya mwezi, kwa mtindo huohuo, kama 4.8. Jinsi inatoa 1 tu, kwani nusu ya watu wote wanalingana nawe kwa jinsi. Jina la kwanza alilonalo mtu mmoja kati ya 20 katika faili lako linatoa 4.2, jina la ukoo la mtu mmoja kati ya 200 linatoa 7.5. Hapo utaona kwa nini jina adimu lina nguvu kuliko jina la kila mtaa. Mwaka wa kuzaliwa ukilingana unatoa 5.8 hivi. Ukikataa kulingana, unapunguza 3.3.

Jumla ya Rehema mwaka ukilingana ingekuwa 26.8. Mwaka ukikataa inashuka hadi 17.7. Je, 17.7 inatosha? Hapa wengi huchagua kizingiti, yaani uzito ambao kuanzia hapo jozi inakubaliwa, kwa macho tu, nami nakusihi usifanye hivyo. Wagonjwa 5,000 mara vifo 40,000 ni jozi milioni 200 zinazowezekana. Tukikadiria waliofariki kweli ni kama 500, basi jozi sahihi ni moja kati ya 400,000, na kulishinda giza hilo kunahitaji uzito wa 18.6 ili tu ufike nusu kwa nusu. Kufikia uhakika wa 95 kati ya 100 unahitaji kama 22.9. Kwa hiyo Rehema mwenye mwaka unaolingana yumo ndani kabisa, na Rehema mwenye 1956 ana uwezekano wa kama 35 kati ya 100. Hajathibitika, wala hajatupwa. Mpe nafasi yake hapo katikati.

Tena, miaka miwili ya tofauti si sawa na miaka thelathini. Pale ambapo umri hukadiriwa, miaka ya kuzaliwa hurundikana kwenye 0 na 5, na siku isiyojulikana huandikwa Januari 1. Chora jedwali la tarehe zako kabla ya kuunganisha chochote. Ukikuta Januari 1 imejaa, basi kulingana kwa Januari 1 hakuna uzito wa 3.5 na 4.8, karibu hakuna uzito wowote, kwa sababu makarani wawili wamekubaliana kwamba hawajui. Weka daraja za tofauti ya mwaka: sawa kabisa, mwaka mmoja au miwili, hadi mitano, zaidi ya hapo, kila daraja na uzito wake. Rehema atapanda. Kumbuka pia kwamba hesabu hii inachukulia kila sifa inajitegemea, jambo ambalo si kweli tupu: jina la kwanza linabeba jinsi ndani yake, na siku na mwezi vinakwenda pamoja katika hizo Januari 1. Jumla kubwa kwa hiyo ipokee kwa tahadhari kidogo.

Majina yanahitaji kazi ya mikono kabla ya kompyuta. Soundex, msimbo wa sauti unaokuja na programu nyingi, ulipata hataza Marekani mwaka 1918 na ulifuata masikio ya Kiingereza. Unashika herufi ya kwanza kama ilivyo, hivyo Catherine na Katherine kwake ni watu wawili. Muhammad, Mohamed na Mohammed utawaunganisha, lakini utawachanganya na wengine wengi wasiohusika. Andika kanuni zako mwenyewe kutokana na majina yaliyomo kwenye mafaili yako: herufi zinazobadilishana, vifupisho, majina ya ubatizo yenye sura mbili. Na pale mtu anapobeba jina lake, la baba na la babu, usilinganishe nafasi kwa nafasi. Linganisha kila jina na kila jina, maana karani mmoja ameruka la kati na mwingine ametanguliza la ukoo. Hapo Rehema Mathayo hana dosari tena.

Kabla ya hayo yote, liunganishe faili la kliniki na lenyewe. Mgonjwa aliyepoteza kadi akapewa mpya yumo mara mbili, na kadi yake ya kwanza itakuwa "mgonjwa" asiyekufa kamwe. Jozi milioni 200 nazo huna haja ya kuzipima zote. Gawanya mafungu, ulinganishe ndani ya fungu tu. Ila fungu moja halitoshi, kwani aliyekosewa jinsi hataonekana katika fungu la jinsi hata uzito wake ungekuwa mkubwa kiasi gani. Pita mara tatu au nne kwa mafungu tofauti: mara kwa mwaka wa kuzaliwa, mara kwa sauti ya jina la ukoo, mara kwa siku na mwezi.

Kwa zile za katikati, waweke watu wawili wazisome kila mmoja kivyake, wasijue jibu la mwenzake, na zaidi ya yote wasione dawa wala hali ya mgonjwa. Msomaji anayejua kwamba huyu alikuwa mahututi atamwona marehemu kila mahali.

Sasa nije kwenye jambo lililonifundisha kuogopa. Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliunganisha orodha ya vizazi na vifo vya watoto wachanga. Uzito ulikuwa mzuri, jozi zilikuwa safi, nikafurahi. Kisha nikaleta kadi za chanjo. Mtoto mmoja alikuwa amefariki akiwa na siku tisa, na akiwa na miezi tisa akachanjwa surua. Nilikaa nikitazama mstari ule. Walikuwa mapacha, wavulana, na kwenye orodha zote mbili waliandikwa "mtoto wa" fulani kwa kuwa hawajapewa majina. Mama mmoja, siku moja, jinsi moja. Kifo cha mmoja nilimbandika mwenzake aliye hai. Niliporudi nyuma nikakuta mapacha wengine katika hali hiyohiyo, na mapacha ndio hasa watoto ambao vifo vyao tulitaka kuvielewa.

Mstari ule wa chanjo ndio kipimo bora ninachoweza kukupa. Kila jozi ambayo tarehe ya kifo inatangulia hudhurio la kliniki ni jozi ya uongo, na hukuhitaji sajili kuu kuijua. Zihesabu katika kila kizingiti unachojaribu. Ukigeuza shilingi upande wa pili: kliniki zako bila shaka zina wagonjwa walioandikwa kwa mkono wa muuguzi kuwa "amefariki". Hao unajua wamekufa. Tazama wangapi kati yao umewapata kwenye rejesta. Wakiwa 100 ukapata 80, basi unaona vifo vinane katika kumi, na kasoro hiyo imejumuisha makosa yako ya kuunganisha pamoja na vifo visivyoandikishwa. Wachukue wachache kati ya wale 20 uende ukaitafute rejesta kwa macho, ukurasa kwa ukurasa. Hapo utazitenganisha sababu hizo mbili. Angalia tu kwamba kifo kilichofika masikioni mwa muuguzi huenda kiliandikishwa kwa urahisi kuliko kile kilichotokea nyumbani kimyakimya, kwa hiyo nane katika kumi inaweza kuwa picha ya kupendeza kupita kiasi.

Kisha vunja kipimo hicho kwa makundi, na hapa ndipo haki ya wagonjwa wako ilipo. Tuseme wanaume na wanawake wanakufa kwa kiwango kilekile, lakini umepata vifo 90 kati ya 100 vya wanaume na 70 kati ya 100 vya wanawake, kwa kuwa wanawake waliolewa wakabadili majina. Utaandika kwamba wanawake wanakufa kwa asilimia 22 pungufu ya wanaume. Hakuna biolojia hapo. Kuna harusi tu. Ndivyo inavyokuwa kwa wahamaji, kwa wasio na vyeti, kwa wanaotajiwa umri na wengine. Mara nyingi aliye maskini zaidi ndiye mwenye kumbukumbu mbovu zaidi, basi vifo vyake hupotea kwanza, na utafiti unamwonyesha akiwa na afya kuliko alivyo. Makosa yangekuwa sawa kwa wote, uwiano kati ya makundi ungepona kwa kiasi kikubwa. Hayawi sawa.

Jozi za uongo nazo zina ubaya wake, hasa tukio likiwa adimu. Ukimfanya marehemu mmoja tu kati ya kila 100 walio hai, katika watu 4,500 hao ni 45. Ukiwa umepata vifo vya kweli 400, mmoja kati ya kila kumi kwenye orodha yako ya marehemu yuko hai. Kwa sababu hiyo usitoe jibu la kizingiti kimoja. Fanya uchambuzi wako kwa kizingiti kikali, cha kati na kilegevu, uweke majibu matatu kwenye jedwali moja. Jibu likisimama katika yote, lina miguu. Likiyumba, msomaji wako anastahili kuliona likiyumba. Mwongozo wa RECORD wa mwaka 2015, unaohusu utafiti unaotumia kumbukumbu za afya zilizokusanywa kwa shughuli nyingine, nao unataka ueleze ulivyounganisha na ulivyopima ubora wake.

Neno kuhusu mbinu ya kukadiria vifo vyote kwa kulinganisha orodha mbili, kwa sababu najua utashawishika kuitumia. Orodha moja ikiwa na vifo 300, nyingine 200, na 120 vikionekana kote kuwili, makadirio ni 300 mara 200 gawanya kwa 120, yaani 500. Lakini ukikosa kuunganisha 20 tu kati ya hao 120, makadirio yanaruka hadi 600. Umezalisha vifo mia ambavyo havikutokea. Usiiguse kabla hujajua kiwango chako cha kukosa.

Kuhusu siri za watu: kibali cha kamati ya maadili na idhini ya wenye data ndio mlango, hilo unalijua. Baada ya hapo tenganisha mikono. Anayeunganisha aone majina asione magonjwa. Anayechambua aone magonjwa asione majina. Jimbo la Western Australia limejenga mfumo wake wa kuunganisha data tangu 1995, na utengano huo ndio nguzo yake. Kama wenye rejesta hawataki majina yatoke nje, usiwaombe wayasimbe kwa msimbo wa kawaida kisha ulinganishe misimbo, maana herufi moja ikitofautiana msimbo wote hubadilika. Kuna njia iliyopendekezwa mwaka 2009 na Rainer Schnell na wenzake, Ujerumani: jina linakatwa vipande vya herufi mbilimbili, vipande hivyo vinatiwa kwenye mstari wa sifuri na moja, na mistari ndiyo inayolinganishwa. Katarina ana vipande saba, Katerina saba, vitano ni vya wote. Mfanano ni kumi juu ya kumi na nne, 0.71, na hakuna aliyeona jina. Njia hiyo inavunjika mikononi mwa mtu anayejua majina gani yamezoeleka, kwa hiyo ufunguo wa siri, ule unaoamua kila kipande kikae wapi kwenye mstari, lazima ukae kwa wenye data, wewe usiwe nao.

Na kama kliniki bado zinapokea wagonjwa, ipo njia ninayoipenda kuliko zote: kumuuliza mwenyewe. Huko Kisesa, kaskazini magharibi mwa Tanzania, ambako kaya zimefuatiliwa tangu 1994, watafiti walianza mwaka 2015 kumweka mtu na kompyuta kwenye kituo cha afya. Mgonjwa akiwa anasubiri, kwa ridhaa yake, anatafutwa kwenye kanzidata ya kaya, naye anathibitisha kwa kutaja anaoishi nao. Pale ambapo jina na tarehe vinaacha shaka, majina ya watu wa nyumbani kwake huiondoa. Haitakusaidia kwa waliokwisha kufa, lakini kwa miaka kumi ijayo ya orodha yako itakusaidia sana.

Wiki hii usiguse tena programu. Rudi kliniki uombe safu mbili ambazo hukuzitaja kwenye swali lako: jina la mama, kama lipo, na tarehe ya hudhurio la mwisho la kila mgonjwa. Ya kwanza itakupa jozi. Ya pili itakuonyesha zipi za uongo, na kwa wale 4,788 itakuambia siku ya mwisho ambayo kweli ulijua wako hai. Hesabu muda wao ulioshuhudia mwenyewe uishie siku hiyo, halafu ulinganishe na jibu linalowahesabu hai hadi mwisho wa utafiti. Nitumie majibu yote mawili.